Huyo Hapana Kutafsiri

Siku ya kuniaga kazini, mkuu wa ofisi alisoma hotuba. Alisema mimi, Mama Kavira, nimekuwa daraja kati ya serikali na raia. Watu wakapiga makofi, nikapewa kitenge na saa ya ukutani, tukanywa soda. Nilitabasamu kama inavyotakiwa, lakini moyoni nilikuwa natokota. Daraja ni kitu cha kukanyagwa. Wanaolisifu ni wale waliokwisha kuvuka.

Masika na Paluku, ambao sasa wanakaa kwenye meza yangu, waliniomba niwaandikie kidogo namna kazi hii inavyofanywa. Basi ninaandika, ila wasitegemee maneno ya upole. Kazi yangu ilikuwa kukusanya maoni ya wakaaji kabla mji haujabomoa au kujenga kitu: barabara, soko, mfereji, kituo cha magari. Niliifanya Butembo, huku mashariki ya Kongo, kwa miaka mingi, na mwishoni Beni. Kazi yenyewe ni nzuri. Wanaonikasirisha ni wale wanaokutuma uende kuuliza wakati jibu wamekwisha kulibeba mfukoni.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na viatu vya kisigino, nywele nimezisuka, diploma ndani ya bahasha. Aliyenipokea ni Papa Kambale. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Lubero kabla ya kushukia Butembo, na sweta lake la Lubero hakulivua hata siku za jua kali. Diploma hakuiangalia. Aliangalia viatu.

“Ma fille,” akasema, yaani binti yangu, “ukienda na ile biatu, batu batakujibu mu Kifaransa.”

Sikumwelewa. Kesho yake aliniletea buti za mvua za mkewe, tukashuka bondeni ambako mji ulitaka kupitisha barabara mpya. Huko ndiko nilikoelewa. Mtu akikuona umevaa kama ofisi, anakujibu kama ofisi: anakubali, anashukuru, anauliza afya ya bwana meya. Akikuona una matope mpaka magotini, anakuambia ukweli.

Tulikuwa na megafoni moja, na betri zake zilikuwa na tabia ya kufa kila tulipofika kwenye neno “kubomoa”. Tulikuwa na ramani iliyochorwa na maenjenia, kubwa kama shuka, ambayo hakuna mkaaji aliyeweza kuisoma, na nina shaka kama bwana meya aliweza. Papa Kambale hakuifungua mbele ya watu. Alibeba kamba na vijiti. Tulipita parsele kwa parsele, yaani kiwanja kwa kiwanja, tukifunga kamba pale barabara itakapopita, na wenyeji wakitufuata nyuma. Aliniambia kwamba mtu anaweza kusikia habari za barabara mwaka mzima akitikisa kichwa tu, lakini akiona kamba imepita katikati ya jiko lake, hapo ndipo maoni yanapoanza.

Alinifundisha na mengine. Usikae nyuma ya meza. Usiite mkutano saa ambayo watu wako shambani, halafu uandike kwamba hawakupenda kuja. Wanawake waulize wakiwa peke yao, kisha waulize tena waume zao wakiwapo, uone kilichobadilika. Watu wetu wanasema Kinande na Kiswahili, wakubwa wanataka Kifaransa, kwa hiyo nusu ya kazi ni kutafsiri, na kutafsiri si kupunguza. “Mutu akikutukana, tafsiri,” alikuwa akisema. “Matusi nayo ni maoni.”

Kesi ngumu niliyoiona kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyeitwa Katembo, mchoma matofali. Kamba yetu ilipita juu ya kaburi la mkewe, ndani ya parsele yake, nyuma ya nyumba. Siku ya mkutano alileta kiti, akakiweka kando ya kaburi, akakaa. Majirani walisema yote waliyokuwa nayo, kuhusu mfereji, kuhusu miti ya mikaratusi, yeye akabaki kimya. Mimi nilitaka kumuuliza. Papa Kambale alinivuta mkono, akaenda kuketi chini karibu naye. Walikaa hivyo mpaka watu wengine wakaanza kwenda zao. Ndipo mzee akafungua kinywa.

“Barabara inaweza pinda,” alisema. “Yeye hawezi tena sogea.”

Hayo tu. Papa Kambale akayapeleka kwa enjenia kama yalivyo, bila kuyapamba. Enjenia wa wakati ule alikuwa mtu mwenye masikio. Alilalamika, akapiga hesabu upya, na barabara ikapinda. Mpaka leo pale kuna kona ndogo ambayo waendesha pikipiki huilaani bila kujua inamzunguka nani. Ninaitaja ili msije mkaambiwa kwamba kazi hii haiwezekani. Inawezekana. Niliiona ikifanyika, nimevaa buti za watu.

Papa Kambale alistaafu, kisha akafariki, na sisi tukamzika huko kwao kwenye baridi. Waliokuja baada yake walileta neno jipya: kusensibilisha. Msidanganyike na neno hilo. Kuuliza maoni ni kumwendea mtu hujui atakujibu nini. Kusensibilisha ni kumwendea mtu na kitu kilichokwisha kuamuliwa, ukimpa na soda ili kishuke vizuri. Tuliacha kufunga kamba. Tukaanza kukodi viti vya plastiki na spika kubwa, na mkutano ukapimwa kwa picha zilizopigwa. Nilipinga kwenye vikao. Walinisikiliza kwa heshima, kama mnavyomsikiliza bibi anayesimulia habari za zamani, wakaendelea.

Ndipo nikatumwa Beni. Mradi mmoja, ambao jina lake sitaliandika, ulikuwa unataka kujenga soko la kisasa na kupanua barabara katika kartie moja, yaani mtaa mmoja, wa mji ule, na ulihitaji mtu mwenye kujua Kinande na Kifaransa. Nilikaa kwa wifi yangu Kahambu, upande wa Bungulu. Kwa mtu wa Butembo, Beni ni joto. Wiki ya kwanza nililala sakafuni. Lakini si joto lililonisumbua. Ilikuwa miaka ile ambayo watu walikuwa wanaingia mjini kutoka vijijini wakikimbia mauaji, wakiwa na godoro kichwani na mbuzi mmoja, kama mbuzi alipona. Katika kartie ile, karibu kila nyumba ilikuwa na jamaa ya wakimbizi kwenye chumba cha nyuma. Walipanga, au walikaa bure kwa ndugu, na mchana walitandika bidhaa zao chini katika soko la zamani, lile lililotakiwa kubomolewa.

Mkuu wa mradi alikuwa ametoka mkoa mwingine. Hakuwa mtu wa kelele. Aliwajua walinzi kwa majina, Jumapili alikuwa kanisani mapema. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa na haraka, na katika haraka yake wakaaji walikuwa kama mvua, kitu cha kungojea kipite. Aliyemsaidia zaidi hakuwa mgeni. Alikuwa chef wa kartie, mkubwa wa mtaa, mtu wetu kabisa, Munande kama mimi, ambaye alikwisha kuahidiwa ofisi mpya yenye madirisha ya vioo.

Mkutano wa kwanza waliupanga siku ya ville morte. Kwa asiyejua: watu wanapouawa huko mashambani na mji unachoka kulia, unatangazwa mgomo, maduka yanafungwa, pikipiki hazitembei, kila mtu anabaki nyumbani kwake. Kila mtoto wa Beni alijua. Walifika chef wa kartie, polisi wawili na walevi wa ganda, kilabu cha pombe cha jirani, ambao hawajui tofauti ya ville morte na siku nyingine. Mkuu wa mradi alitazama viti vitupu, akasema mkutano umefanyika, kwa sababu mwenye kunyamaza amekubali.

Nilimwambia kwamba hawakunyamaza. Wako nyumbani wanaomboleza, na huko kuomboleza ndiko kusema kwao siku ya leo. Alinijibu kwa Kifaransa kwamba mradi una kalenda. Nikamwambia na wafu wana yao. Sijui ningefika wapi na ubishi ule kama isingepigwa simu kutoka Kinshasa siku chache baadaye: tume ya watu watatu inakuja kuona jinsi raia wanavyoshirikishwa, na inataka kuona watu. Basi mkutano wa pili ukapatikana ghafla, wala kalenda haikufa.

Uliwekwa Jumapili, baada ya misa, uwanjani mwa shule ya msingi. Chef wa kartie aliagiza waitwe wenye parsele tu, watu wenye hati. Wapangaji na wakimbizi, alisema, si wa hapa, vita ikiisha watarudi kwao. Mimi nilichukua megafoni nikapita avenyu kwa avenyu, nikatangaza kwamba wakaaji wanaitwa. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Katika Kiswahili chetu mkaaji ni mtu anayekaa.

Walijaa. Walikaa kwenye viti, kwenye ukuta wa shule, chini kwenye majani. Tume ilikaa mbele kwenye kivuli cha turubai. Mkubwa wao alikuwa mzee mwenye miwani ambaye hakusikia Kinande kabisa na Kiswahili kidogo sana, kwa hiyo kila neno lilipita kwangu. Mkuu wa mradi alikuwa kulia kwangu, karibu, kiasi cha kusikia pumzi yake.

Wenye hati walianza. Walitaka wapewe viwanja vingine, walitaka vije kabla nyumba hazijaanguka. Nilitafsiri. Mkuu wa mradi alitikisa kichwa akifurahi, maana hayo aliyategemea. Ndipo mwanamke mmoja akasimama kule nyuma, karibu na ukuta. Nilikuja kumjua baadaye: Mama Kanyere, mjane, aliyekimbia kutoka kijijini na watoto wake, akapanga chumba kwenye mojawapo ya nyumba zile. Aliuza mboga za lengalenga na makayabu, samaki wa chumvi, ametandika gunia chini sokoni. Chef wa kartie alimwona akasema kwa sauti kwamba huyu ni mkimbizi, akae. Mama Kanyere hakukaa. Alisema kwa Kinande, nami ninayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

“Kule kwetu walikuja wakachoma nyumba yangu. Hakuna mtu aliyeniuliza. Hapa mmekuja kuniuliza kabla ya kubomoa, na hilo ni jambo jema. Basi, jibu langu ni hapana. Msipolihesabu jibu langu, nielezeni tofauti yenu na wale.”

Mzee mwenye miwani alinigeukia akingoja. Mkuu wa mradi hakujua Kinande pia, lakini chef wa kartie alikuwa amekwisha kumnong’oneza. Mkuu huyo aliinama kwenye sikio langu.

“Huyo hapana kutafsiri,” alisema. “Anafanya siasa. Ita mwingine.”

Nitawaambia nilivyojisikia, kwa kuwa siku moja mtaambiwa maneno kama hayo. Sikuogopa. Watu huniuliza kama niliogopa. Nilikasirika kwa ajili ya mama yule, na kwa ajili ya ville morte, na kwa ajili ya soda zote na picha zote, na kwa ajili ya miaka ya vikao ambavyo nilisikilizwa kwa heshima. Nikashika mikro vizuri, nikatafsiri. Neno kwa neno, Kifaransa cha masista waliotufundisha, bila kuruka lile la mwisho. Nilipomaliza nikaongeza, kwa Kifaransa kile kile, kwamba mkuu wa mradi amenikataza sasa hivi kuyatafsiri hayo, na kwamba ninaona tume ina haki ya kulijua na hilo. Kisha nikageuka nikayarudia hayo kwa Kiswahili, maana haki ya kujua haikuwa ya tume peke yake.

Palikuwa na makelele kidogo. Polisi walisogea, wakaona ni akina mama tu na watu waliotoka kanisani, wakarudi nyuma. Mzee mwenye miwani aliomba nimuulize Mama Kanyere anataka nini. Alijibu kwa ufupi: kama soko linahamishwa, aonyeshwe mahali atakapotandika, kama nyumba anayolala inabomolewa, aambiwe usiku ule atalala wapi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Nous avons pris note.” Maana yake ni tumelisikia, tumeliandika. Katika kazi yangu nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Kesho yake nilijulishwa kwamba msaada wangu hauhitajiki tena Beni. Butembo nilikuta meza yangu imehamishiwa chumba cha nyuma, kupiga mihuri kwenye vyeti vya makazi. Wenzangu walinihurumia kwa sauti ndogo. Mmoja alinishauri niombe radhi. Nilimuuliza kwa kosa lipi. Akasema si lazima pawe na kosa.

Habari za Beni nilizipata kwa simu, kutoka kwa Kahambu. Tume iliandika vizuri, walisema, hata ikataja wapangaji. Mradi ukajibu kwamba raia wameupokea kwa furaha. Katapila ilikuja msimu wa mvua. Wenye hati walipewa viwanja mbali, kwenye vichaka, upande ambao hakuna mtu aliyethubutu kulala. Wapangaji walitangaziwa kwa megafoni waondoe vitu vyao, na walipouliza waende wapi, aliyetangaza akasema yeye ametumwa kutangaza tu. Mama Kanyere na watoto wake walilala katika darasa la shule ile ile ambayo uwanjani mwake tulimuuliza maoni yake, mpaka mwalimu mkuu akawaomba watoke kwa sababu ya masomo. Kahambu aliponiambia hilo nilikuwa na muhuri mkononi. Niliuweka chini nikatoka nje, nikazunguka ofisi mpaka nikaweza kuongea na watu tena.

Soko lilijengwa. Nililiona mwenyewe baada ya kustaafu, nilipokwenda kumwona wifi. Ni zuri, sitasema uongo: sakafu ya vigae, paa la bluu, geti lenye kufuli. Limeipa barabara mgongo, na vibanda vyake viligawiwa watu ambao hawajawahi kuuza hata nyanya moja. Ndani kulikuwa na mlinzi, na mbuzi aliyelala. Nje, ukingoni mwa barabara, kwenye vumbi la magari, akina mama wote wa soko la zamani walikuwa wametandika magunia yao.

Mmoja aliniangalia sana. Uso ulikuwa umepungua, lakini nilimjua.

“Njo weye mama wa kutafsiri?” aliniuliza Mama Kanyere.

Nilimwambia ndiyo, ni mimi. Nilitaka kumpa pole nikashindwa, maana pole yangu ingemsaidia nini. Yeye akanisogezea kigoda, akaniuliza habari za Butembo, akanifungia lengalenga kwa ajili ya wifi. Alinieleza kwamba polisi wanawafukuza asubuhi na wao wanarudi jioni, na kwamba ametangaziwa mkutano mwingine kesho yake. Safari hii wanataka kuwatoa barabarani, kwa ajili ya usafi wa mji, na kwanza wanakusanya maoni.

“Utaenda?” nikamuuliza.

“Nitaenda,” alisema. “Nisipoenda, batasema nilikubali.”

Nilikwenda naye. Nilikaa kwenye ubao kati yake na muuza mafuta ya mawese, sikukaa mbele. Aliyeongoza mkutano alikuwa kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi, viatu vinang’aa. Alieleza mradi wake, na Kifaransa chake kikawapita watu juu ya vichwa. Alipouliza kama kuna mtu wa kutafsiri, wote walinigeukia, hata chef wa kartie, ambaye alinitambua akaangalia pembeni. Kijana akaja mpaka nilipo, akaniomba kwa heshima: “Mama, utusaidie.”

Nilimwambia atafute mwingine. Leo sikuja na maneno ya watu, nimekuja na yangu.

Nikasimama. Katika mikutano yote ya maisha yangu nilikuwa sijawahi kutoa maoni. Kazi ilinikataza, na hiyo ilikuwa sheria nzuri. Sasa sina kazi. Nilitaja jina langu na jina la baba yangu. Nilieleza niliyoyaona katika kartie ile tangu siku ya viti vitupu, moja baada ya jingine, na sikupunguza. Kisha nikasema hapana. Nikalisema kwa Kinande, nikalisema kwa Kiswahili, nikalisema kwa Kifaransa, taratibu, nikimwangalia kijana machoni, ili asije akatokea mtu wa kuniambia kwamba halikueleweka.